Kila Mtu na Kitenzi Chake

Mei ni mwezi wa ukata Malindi. Mvua za masika zimekolea, hoteli nyingi za ufuoni zimefungwa, wageni wamerudi kwao, na ukipita barabara ya Lamu utawakuta madereva wa tuktuk wamejikunja kwenye viti vya nyuma wanakoroma. Ni mwezi mzuri wa kujifunza Kiitaliano, kwa kuwa Waitaliano wenyewe hawapo kukusikia.

Darasa letu lilikuwa chumba nyuma ya duka la simiti na misumari, baada ya magharibi hadi umeme upotee. Mwalimu ni mama wa hapahapa aliyekaa Bergamo miaka mingi, akarudi na Kiitaliano kilichonyooka na koti la baridi ambalo hulivaa kila manyunyu yakianza. Sisi jasho linatutiririka, yeye amefunga zipu hadi kidevuni.

Usidhani tulikwenda pale watupu. Mtu wa Malindi hajifunzi Kiitaliano, hurukiwa nacho, tangu Waitaliano walipojenga kituo cha kurushia roketi kule Ngomeni miaka ya 1960. Mzee mmoja darasani alisaidia jikoni huko ujanani mwake. Ukimwuliza kuhusu Uhuru, ile setilaiti ya Marekani iliyorushwa kutoka jukwaa la Waitaliano pale baharini tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu yenyewe ya uhuru, atakueleza kwa kirefu walichokula siku hiyo.

Mkosi ulianza na somo la volere, potere na dovere. Kutaka, kuweza na kulazimika. Wenyewe huviita verbi servili, vitenzi vya utumishi, kwa vile kazi yao ni kubeba kitenzi kingine kilichotulia nyuma. Voglio mangiare, nataka kula. Posso entrare, naweza kuingia. Kitenzi cha nyuma hakitusumbui, maana kula yetu na mangiare yao havibadiliki hata uvichape. Taabu iko kwa mtumishi. Sisi hubadilisha kichwa tu, nataka, unataka, anataka, na tumbo likabaki lilelile. Wao ni voglio, vuoi, vuole, vogliamo, volete, vogliono. Ukidhani umeshika, posso inageuka puoi, devo inageuka dobbiamo. Mzee wa Ngomeni aliinua mkono akauliza kama hawa wote ni wa mama mmoja.

Mwalimu akasema tuache kukariri kwanza, kila mtu atoe alichonacho. Ndipo siri zikafichuka.

Mzee alikuwa na devi. Devi lavare, devi pulire, lazima uoshe, lazima usafishe. Ndicho Kiitaliano alichomwagiwa asubuhi hadi jioni, na hakuwahi kudokezwa kwamba kitenzi kile kinaweza pia kupanda ngazi kwenda juu. Dereva wa tuktuk, aliyeanzia ufuoni akiuza safari za boti, alikuwa na vuoi. Vuoi vedere i delfini? Unataka kuona pomboo? Vuoi tuktuk? Maisha yake yote ni kuwauliza wengine wanataka nini. Mama muuza samaki alikuwa na non posso, siwezi kupunguza, na alilitamka kwa uchungu hata mwalimu akaanza kupapasa pochi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na matandiko ya nyumba za wageni. Changu nitakuja nacho.

Basi mwalimu akaandika voglio ubaoni, akamgeukia dereva: "E tu, che cosa vuoi?" Na wewe, unataka nini? Dereva akatazama nyuma aone anayeulizwa ni nani. Hakukuwa na mtu. "Tuktuk?" akajaribu. Mama wa samaki alipoulizwa hakusubiri swali liishe: "Non posso." Mzee akafikiri, akajikuna kidevu, akasema, "Voglio dormire." Nataka kulala. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza sahihi kutoka darasa lile. Waitaliano wameishi nasi miongo yote hii, na hakuna kati yetu aliyewahi kuhitaji neno la kusema anachotaka mwenyewe. Tulicheka sana, mwalimu akafungua zipu kidogo.

Kitabu nacho hakikusaidia. Kimerudufiwa hadi nyuso za Marco na Giulia zimebaki madoa meusi, na Marco kila ukurasa anasema voglio un caffè. Mwalimu akatuambia Marco akisema hivyo kwenye baa ya Bergamo, maana baa zao huuza kahawa, atapewa kahawa na jicho juu yake. Mstaarabu husema vorrei, ningependa. Kitabu kimeificha vorrei huko mwisho kabisa, baada ya hali ya hewa na rangi za nguo. Mwandishi wake, kwa maoni yangu, hajawahi kutumwa dukani na nyanya yake.

Julai wageni wakarudi, tukaingia uwanjani.

Wa kwanza kuumia alikuwa dereva. Mume na mke walimpata usiku wakitaka Watamu, zaidi ya kilomita 20. Alipoondoka ndipo akaona taa ya mbele imezimika, akataka kuwaambia hawezi kwenda. Sasa, siwezi ya Kiitaliano ina milango miwili. Non posso, hali hairuhusu. Non so, sijui, sikufundishwa. Mwalimu alikuwa ametuchosha wiki nzima na tofauti hiyo, na dereva, kwa kutaka kuonyesha kwamba yeye si yule wa ufuoni tena, akapita mlango wa pili. "Signori, io non so guidare." Mabwana, mimi sijui kuendesha. Alisema hivyo tuktuk ikiwa mwendoni, mkono mmoja uko nje unaonyesha taa. Mke alishuka kabla haijasimama. Mume alimfuata, kisha akarudi kuchukua kiatu.

Mama wa samaki yeye alipata faida. Mteja alichukua nguru mzima na kilo mbili za kamba, akauliza, "Quanto ti devo?" Hatukuwa tumeonywa kwamba dovere ndicho kitenzi cha deni pia, kwamba bwana yule anauliza tu anadaiwa kiasi gani. Mama alisikia mtu mzima aliyekwisha kubeba samaki anauliza imemlazimu alipe kiasi gani, akaona huo ni utani wa kijinga. "Tutto!" akamjibu. Yote! Mteja alicheka hadi akakohoa, akalipa bei aliyotajiwa, na siku hizi akimwona kwa mbali huinua mikono juu. Mama haoni cha kuchekesha. Anasema huyo ndiye mteja pekee asiyebishana.

Sasa zamu yangu. Fundi cherehani, awe wa Malindi au wa Milano, anahitaji wakati uliopita. Non ho potuto, sikuweza. Ho dovuto, ilinibidi. Hapo darasani nilikuwa wa kwanza. Ila kuna mtego: mtumishi humfuata bwana wake. Kitenzi cha nyuma kikiwa cha kutenda kitu, kama kutengeneza mashine, utasema ho dovuto. Kikiwa cha kwenda, kurudi au kufika, ni sono dovuto, na mwanamke atasema sono dovuta. Kwa hiyo visingizio vyangu vikagawanyika, vya ho na vya sono, na nikivichanganya mteja hunisikia muongo hata ninaposema kweli.

Signora mmoja, mwalimu mstaafu mwenye nyumba upande wa Casuarina, alikuwa akingoja mapazia yake tangu Pasaka. Akaja dukani Agosti. "Si può?" akaita mlangoni, ndiyo hodi yao. Nikamkaribisha. Alikataa kiti.

"Signora," nikaanza, "ho dovuto andare a Kaloleni, al funerale." Ilinibidi kwenda Kaloleni, mazishini.

"Sono," akasema.

"Sono dovuto andare a Kaloleni."

"E poi?" Halafu?

"Ho dovuto cambiare l'ago." Ilinibidi kubadilisha sindano.

"Bravo," akasema, akavuta kiti.

Nikaona njia imefunguka. Non sono potuto tornare, sikuweza kurudi, matatu hakuna. Tukaingia wingi: siamo dovuti partire, ilitubidi kuondoka, mimi, shangazi na binamu zangu. Kila niliposhika neno sawasawa alipiga goti lake kwa furaha. Kitambaa chake kilikuwa mezani mbele yetu, bado kimekunjwa vilevile alivyokileta, na hakukitazama hata mara moja. Kabla ya kuondoka akatoa daftari kwenye mkoba, akaniandikia kazi ya nyumbani: visingizio kumi, vitano vya ho na vitano vya sono, viwe tayari Ijumaa. Alipofika mlangoni akakumbuka kilichomleta.

"E le tende?" Na mapazia?

"Non posso, signora," nikamwambia, nikikumbatia daftari. "Devo studiare." Lazima nisome.