Funga Supachaja, Usifungue Vita na Wakala

Chombo cha kwanza unachohitaji ili kuifungia Mustang GT supachaja ni faili la karatasi. Nunua nene, lenye vyumba. Spana na jeki vitakuja baadaye, na ukiufuata mwongozo huu vizuri huenda usivishike kabisa, maana atakayevishika ni fundi wa wakala, nawe utakuwa umekaa kwenye chumba cha kusubiria, kile chenye kahawa nyepesi na televisheni isiyozimwa.

Nawaandikia ndugu zetu walioko Houston, Columbus, Minneapolis na kwingineko Marekani, waliokesha kazini zamu kwa zamu hadi wakalileta nyumbani gari la V8, na sasa wanalitazama kila asubuhi wakiona halitoshi. Tamaa hiyo naielewa na naitetea. Mustang GT ya 2024 inatoka kiwandani na injini ya lita 5.0 yenye nguvu za farasi 480, na mwenye nayo anataka 800 kwa sababu 800 zipo na zinauzwa. Sababu hiyo inatosha. Nisichokubali ni mtu kununua nguvu 320 za nyongeza, kisha akalipia injini nzima kwa sababu ya ukurasa mmoja ambao hakuusoma.

Basi tuanze na kifaa chenyewe. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda unaotoka kwenye kreniki ya injini. Turbo, ambayo wengi tumeizoea kwenye magari kutoka Japani, inakula moshi wa ekzosi. Supachaja inakula nguvu ya injini yenyewe na kurudisha nyingi zaidi. Ndiyo maana inaitika papo hapo ukikanyaga mafuta. Wazo hili ni kongwe kuliko gari. Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya kusukuma hewa mwaka 1860. Mwaka 1924 gari la Duesenberg lenye supachaja lilishinda mbio za Indianapolis, na mwaka 1966 Carroll Shelby aliiuza Mustang ya GT350 ikiwa na supachaja ya Paxton kwa aliyetaka kuongeza fedha. Kwa hiyo mama mkwe akikuambia unaharibu gari kwa mambo ya vijana, mjibu kwa heshima kwamba mambo haya yana umri wa kumzidi.

Sehemu inayofuata isome mara mbili, kwa kuwa waranti inaokolewa au kupotezwa hapa. Usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa takriban pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Supachaja ikiongeza pauni 8 juu yake, silinda zinapokea hewa zaidi kwa nusu na ushei, angalau kwenye hesabu ya karatasi. Hewa iliyoshindiliwa inapata joto, ndiyo maana kifaa kizuri kinakuja na intakula ya kuipoza. Lakini injini hii ya Ford, tangu modeli ya 2018, ina uwiano wa mshindilio wa 12 kwa 1, ambao ni mkubwa hata kabla hujaongeza chochote. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukijilipua wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, injini inagonga, na kila kugonga ni pigo juu ya kichwa cha pistoni. Kinachozuia hayo ni petroli yenye okteni ya kutosha, nozeli zinazotoa mafuta ya kutosha, na zaidi ya vyote programu iliyomo kwenye kompyuta ya injini, inayoamua plagi iwake lini. Chuma unachokiona ukifungua boneti kinapendeza kupiga picha. Anayeilinda injini ni programu, na mtu wa waranti anaanza kuiangalia hiyo.

Kwenye maegesho wanakokusanyika wapenzi wa magari Jumamosi usiku utakutana na madhehebu mawili. La kwanza linahubiri kwamba ukishaweka kifaa kisichotoka kiwandani waranti yote imekufa, hata ya redio. La pili linahubiri kwamba sheria inakulinda, funga utakacho, wao watalipa. Wasikilize wote kwa adabu, kisha uyaache maneno yao pale pale kwenye lami.

Sheria yenyewe inaitwa Magnuson-Moss. Rais Gerald Ford, ambaye hana undugu na kampuni ya magari, aliitia saini Januari 1975, na tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ndiyo inayoisimamia. Inamkataza mtengenezaji kukuwekea sharti kwamba waranti itasimama pale tu unapotumia vipuri vyenye jina lake, isipokuwa akupe vipuri hivyo bure au tume imruhusu. Kioo cha mlango kikigoma kupanda, supachaja haina kesi, na wakala anayekufukuza kwa sababu ameiona chini ya boneti anakudhulumu. Lakini sheria hiyo hiyo inamwachia mtengenezaji nafasi ya kukataa uharibifu uliosababishwa na kifaa ulichoongeza. Ni kweli kwamba kuonyesha uhusiano huo ni mzigo wake. Pistoni ikitoboka ndani ya injini iliyosukumiwa pauni 8 za ziada, kwa programu ya mtu wa mtandaoni, hatatoka jasho kuuonyesha.

Ndiyo maana swali la kwenda nalo kwa wakala ni hili: kikivunjika hiki, nani analipa, na mpaka lini? Uliza kwa kila kiungo, mmoja mmoja: injini, giaboksi, klachi, propela shafti, difu. Utamchosha mtu. Mchoshe.

Njia iliyonyooka kuliko zote ni kununua supachaja inayouzwa na mtengenezaji wa gari mwenyewe kupitia idara yake ya vipuri vya mwendo. Ford Performance inauza kwa ajili ya Mustang GT kifaa kilichoundwa na Whipple wa Fresno, California, kinacholifikisha gari kwenye nguvu takriban 800. Bei yake inazunguka dola 10,000 kabla ya malipo ya ufundi. Kinakuja na waranti ya miaka 3 au maili 36,000, kimojawapo kitakachotangulia, kwa sharti kwamba kimefungwa na wakala wa Ford au fundi mwenye cheti cha ufundi wa magari cha ASE. Sharti hilo ndilo kila kitu. Kifaa hicho hicho kikifungwa na shemeji yako uani, hata kama shemeji ana mikono ya dhahabu na hakuacha hata skrubu moja, umenunua chuma bila ahadi.

Mambo haya yaende kama posa. Huingii ukumbini na bibi harusi ambaye wazee hawajamsikia. Unamtuma mshenga kwanza. Mshenga wako ni mshauri wa huduma, yule anayekaa kaunta na kupokea funguo. Mfikie kabla hujalipa senti. Muulize kama karakana yao imeshafunga kifaa chenye namba hiyo ya kipuri, fundi gani atafanya kazi, na programu mpya ataipakia nani. Muulize pia mkuu wake wa huduma ana msimamo gani, kwa kuwa mshenga anaweza kukupenda sana na baba wa nyumba akakataa. Ukiona macho yanazunguka, aga vizuri uende kwa wakala mwingine. Mawakala ni wafanyabiashara wanaojitegemea, na wale waliozoea magari ya nguvu wanafahamika. Utawatambua kwa jinsi wanavyokujibu bila kupapasa.

Jihadhari na muuza magari. Yule kijana mwenye tai akikuambia, "Usijali kaka, iko ndani ya waranti," anasema kwa moyo mweupe na hana mamlaka. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haimfungi mtengenezaji. Mwombe akuandikie, na utaona jinsi kalamu inavyokuwa nzito mkononi mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni injini.

Karatasi unazozitaka ni hizi: risiti ya kifaa yenye namba ya kipuri, hati ya kazi ya wakala inayotaja tarehe, maili zilizosomeka kwenye dashibodi na jina la aliyefunga, ushahidi kwamba programu iliyopakiwa ni ile iliyokuja na kifaa, na kijitabu cha waranti ya kifaa, chote, pamoja na maandishi madogo. Soma hasa panaposema saa inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kufungwa kifaa au siku gari liliponunuliwa likiwa jipya. Kwa mwenye gari la miaka miwili, tofauti hiyo ni kati ya kulindwa miaka 3 na kulindwa mwaka 1.

Na hapa nasema wazi kitu ambacho vipeperushi vinakipita mbio. Waranti ya kawaida ya Ford kwa injini na giaboksi ni miaka 5 au maili 60,000. Ya kifaa ni 3 na 36,000. Muulize wakala, kwa maandishi, katika mwaka wa nne na wa tano pistoni ni ya nani. Wengi hawaulizi kwa kuwa wanaogopa jibu, nami naona ni afadhali jibu baya leo, ukiwa bado na dola 10,000 zako mfukoni.

Kama unaishi California, kuna kibandiko cha kutafuta. Bodi ya hewa ya jimbo hilo, CARB, inatoa namba ya idhini kwa kila kifaa kinachogusa mfumo wa moshi, na bila namba hiyo gari litakwama kwenye ukaguzi. Hata ukiwa jimbo lingine chagua kifaa chenye idhini hiyo, kwa sababu sheria ya serikali kuu ya hewa safi inakataza kuchezea vifaa vya kudhibiti moshi kote nchini, na kwa sababu kampuni iliyokubali kupimwa na CARB imekubali kupimwa na mkaguzi asiyecheka na mtu.

Sasa hila. Utaambiwa unaweza kufunga programu yoyote, na siku ya kwenda kwa wakala ukairudisha ya kiwandani. Usifanye. Kompyuta za magari ya leo zinabaki na alama za kuandikwa upya, na mafundi wa General Motors wanaelekezwa kuchukua namba ya uhakiki wa programu injini inapoharibika na kuilinganisha na ile ya kiwandani. Ukikamatwa, kesi yako ya pistoni inageuka kuwa kesi ya uaminifu wako, na hata ile ya kioo cha mlango itasomwa kwa jicho la pembeni. Vivyo hivyo kwa puli ndogo. Mtu atakuuzia puli yenye kipenyo kidogo kuliko ya kifaa ili supachaja izunguke kasi na kushindilia zaidi. Ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na kinatosha kuifuta waranti ya kifaa uliyoihangaikia miezi.

Mwambie na mtu wa bima. Gari lenye nguvu 800 lililokatiwa bima likiwa na 480 linaweza kukuletea ubishi siku ya ajali. Kama gari ni la kukodi kwa mkataba wa miaka mitatu, mwongozo huu haukuhusu, gari si lako. Na waranti ya nyongeza uliyouziwa na kampuni nyingine wakati wa kununua gari, fungua sehemu ya yasiyolipiwa. Kwa kawaida magari yaliyobadilishwa yametajwa humo.

Ukishakabidhiwa funguo, endesha utakavyo barabarani ndani ya sheria, weka petroli ya okteni 91 kwenda juu na utunze risiti za vituo, badilisha oili kwa wakati au kabla ya wakati, na ukisikia injini inagonga ondoa mguu mara moja. Viwanja vya mbio vya maili robo ni raha ya pekee, lakini waranti za magari mara nyingi hazilipii kilichovunjika kwenye mashindano, na video uliyoirusha mwenyewe ni shahidi ambaye wakala halazimiki kumlipia nauli.

Wapo watakaosema afadhali ununue gari lililotoka kiwandani na supachaja, na hoja yao ina uzito. Shelby GT500 ya 2020 ilitoka na nguvu 760, Challenger Hellcat ya 2015 na 707, na waranti ilikuwa moja tu, ya mlango mmoja. Lakini Challenger ya V8 iliishia modeli ya 2023, na GT500 hizo leo zinapatikana mkononi mwa mtu, kwa bei ya kukufanya ukae chini. Kwa anayetaka kuanza na gari jipya, njia ya kufungiwa na wakala bado ni nzuri.

Siku kitu kikivunjika, usikifungue. Liburute gari hadi kwa wakala yule yule aliyefunga, peleka nakala za karatasi na ubaki na zenyewe. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi: kiungo gani, kimeharibiwa na nini, wamejuaje. Wasipoandika, waandikie wewe, kwa barua ya kusainiwa inapopokelewa, na nakala iende makao ya kampuni. Chini ya Magnuson-Moss, mteja akishinda, mahakama inaweza kumwamuru mtengenezaji amlipie na wakili. Jambo hilo litaje kwenye barua ya pili. Ya kwanza iache iwe ya salamu na heshima.