Mauaji Yanayolika: Uainishaji wa Awali kwa Mkoa wa Mara

Wanazuoni wa jinai wameyapanga mauaji ya nyumbani kwa chanzo, kwa silaha na kwa saa ya tukio. Kigezo kikuu wamekiruka: je, silaha inalika?

Kielelezo chetu kilioneshwa kwenye televisheni ya Marekani tarehe 13 Aprili 1958, katika tamthilia za Alfred Hitchcock. Mume, askari polisi, anamwambia mkewe mjamzito kwamba anamwacha. Mke anatoa kwenye friza paja la kondoo lililoganda kama jiwe, anamtwanga nalo kichwani, kisha analitia kwenye oveni. Wapelelezi wanapekua nyumba mpaka njaa inawabana. Mwenye nyumba anawakaribisha mezani. Wanaitafuna silaha huku wakijiuliza imefichwa wapi. Tunacheka, labda kwa kuwa katika habari za kweli anayekutwa sakafuni kwa kawaida ni mke.

Kisa ni cha Roald Dahl, aliyepelekwa Dar es Salaam mwaka 1938 na kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Nashuku ukarimu ule wa mezani hakuutoa kwao Uingereza.

Tukija Mara, kundi la kwanza ni silaha zinazotegemea umeme. Bunda, paja la mbuzi hutoka buchani asubuhi na jioni liko motoni. Ni laini, litamchafua mume shati tu. Aliye na friza naye asijivune. Hitchcock mwenyewe alimalizia kwa kusema mjane yule alinaswa alipojaribu tena kwa mume wa pili: bwana alisahau kuchomeka friza, paja likawa tepetepe.

Kundi la pili halijui kukatika kwa umeme. Musoma kuna kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa mpaka akakakamaa kama ubao. Udhaifu wake ni kwamba sharti alowekwe kwanza, na wapelelezi wenye ugali mbele yao hawana subira.

Butiama naiweka peke yake. Mwana wa kijiji hicho, Julius Nyerere, alitafsiri Mabepari wa Venisi, kitabu kilichotoka mwaka 1969, ambamo nyama inamponza mdai mahakamani bila hata kupikwa.

Kwa askari wetu wa upelelezi: mkikaribishwa chakula kwenye nyumba yenye maiti, shukuruni, semeni mmeshiba.