Inchi Tano za Bure

Shemeji yangu ni mtu wa kupima. Kitambaa cha kanzu hakinunui mpaka akipime mwenyewe kwa mkono, muuza duka akitazama, na alipomuoa dada yangu alikuja na futikamba kupima mlango wa chumba kabla kitanda hakijatoka kwa seremala. Kwa hiyo alipoondoka Lamu kwenda Mombasa kununua mashine ya boti, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Alikuwa ameipima boti yake ya faiba kutoka omo hadi tezi, futi 22. Alikuwa amepima upana. Aliwauliza manahodha kina cha Mkanda, ile njia ya maji ya kwenda Pate, siku za bamvua na siku za maji mafu, akaandika yote kwenye kikaratasi. Kimo cha ubao wa tezi, pale mashine inapobanwa, hakukiandika.

Dukani aliulizwa swali moja tu: shafti ndefu au fupi? Fupi ni ya ubao wa inchi 15, sentimita 38 hivi. Ndefu ni ya inchi 20, sentimita 51. Muuzaji alikuwa nazo zote mbili, nguvu sawa, na kwa kuwa ile ndefu ilishamkalia stoo, akakubali kuiachia kwa bei ya fupi. Ukimjua shemeji unajua kilichofuata. Alirudi na basi, mashine imeviringishwa kwenye gunia, akashuka Mokowe akitangaza kwamba Mombasa bado kuna wajinga: amepewa inchi tano za chuma bure.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ndiyo maana inaudhi. Unaweka futikamba juu ya ubao wa tezi, palepale vibano vya mashine vinapokaa, unaishusha wima mpaka usawa wa chini kabisa ya boti. Wima kweli, maana ubao wa tezi huwa umelala kidogo na ukifuata mlalo wake utajidanganya. Ukipata karibu na 15, chukua fupi. Karibu na 20, ndefu. Boti kubwa za kuvulia bahari kuu mara nyingi hutaka 25. Mashine ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu kidogo ya propela liwe sawa na chini ya boti, au lishuke inchi moja hivi, basi. Kina cha bahari hakimo humo. Maji yawe ya magoti au ya pima mia, ubao wa tezi ni uleule.

Watu wa maji haba hawapendi kuyasikia haya. Jirani yetu mmoja, anayetega kaa kwenye mikoko, alijiambia kwamba maji mafupi yanataka mashine fupi, akainunua, akaifunga kwenye boti yenye tezi ya inchi 20. Propela ikawa inazunguka juu juu, pale povu na hewa vinapochanganyika. Alipoongeza moto, mashine ililia mji mzima ukasikia, boti ikabaki inatafakari. Akikata kona ndiyo kabisa. Tena tundu la kunyonyea maji ya kupoza liko chini hukohuko, nalo likawa linanyonya hewa, mashine ikawa haikojoi vizuri, na mashine isiyokojoa haichelewi kuungua. Shemeji alikuwa akimcheka kila jioni barazani, naye wakati huo mashine yake mpya haijagusa maji.

Kisha ikaja arusi ya Pate. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua: maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi yamekimbia unabaki kujiuliza yamekwenda wapi. Miaka hiyo, ukitaka kupita Mkanda kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, siku kama ile, ilibidi sala ya alfajiri ikukute tayari ufukweni. Sisi tuliondoka saa moja. Lawama haikuwa ya shemeji peke yake. Kulikuwa na nguo za kufukiza udi, na mama yangu, yaani mama mkwe wake, hakukubali kusafiri na sinia la halua mpaka lifungwe mara ya pili. Shemeji hata hakujali. Kwa mashine ya zamani alizoea kupita saa hizohizo, propela ikiuacha mchanga kwa upana wa vidole vichache. Ila sasa propela ilikuwa imeshuka sentimita 13 zaidi. Nyoosha kiganja chako upime: hazifiki hata shibiri moja.

Tulipoingia Mkanda, mikoko ilikuwa tayari inaonyesha mizizi. Mashine ikakohoa, ikatikisika, maji nyuma yetu yakageuka kahawia. Shemeji akapunguza moto. Akauinua mguu wa mashine kidogo, kama ifanywavyo kwenye maji haba, lakini kabla hajapata pa kuutulizia, propela ilichungulia juu, ikachota tope na kuligawa kwa haki kwenye kanzu zote zilizokaa tezi. Akaushusha. Tukakwama.

Mama alitoa tasbihi. Baada ya kitambo akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii mashine umenunua ya kuendea au ya kulimia?"

Wanaume tukashuka, kanzu zimefungwa kiunoni. Anayesukuma boti kwenye tope hupata nafasi nzuri ya kutafakari historia. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata humo. Hawakubishana na mchanga. Walileta Severn na Mersey, manowari za chini bapa zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, na Julai 1915 kazi ikaisha. Nikamweleza shemeji haya yote. Akaniambia nisukume.

Pate tulifika wenyeji wamekwisha kula. Mchanga ulikuwa umekitafuna kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji, kwa hiyo kurudi tulirudi tumefungwa kamba nyuma ya mashua ya mtu, na jirani wa kaa alikuwa amekaa gatini siku hiyo, sijui nani alimpa habari.

Dawa ilipatikana Matondoni, kwa fundi wa majahazi ambaye boti za faiba hazipendi na hafichi. Aliutazama mguu ule unaoning'inia, akaiazima futikamba ya shemeji mwenyewe, akapima ubao wa tezi: inchi 15. Akasema atapachika juu yake kipande cha mbambakofi, akikaze kwa bolti ndefu, mashine ipande inchi tano, bamba lirudi mahali pake. Akataja bei.

Shemeji akaruka. "Fundi, bei yote hiyo kwa inchi tano tu?"

"Kwani ulizinunua kwa kiasi gani?"

"Sikuzinunua. Nilipewa bure."

"Basi bado hujazilipia," akasema fundi, na kuitaja bei yake tena, safari hii na bolti ndani.