Mwongozo wa kuiokota "pick up" ukiwa Mtwara

Kwanza funika kamusi. Humo "pick up" imerundikiwa maana chungu nzima, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa anafundishwa hata baiolojia kwa Kiingereza, akiandikiwa zote ubaoni atazinakili, atazikariri, na kwenye mtihani atajibu kuwa "pick up" ni kuokota. Alama yake atapewa. Siku akitaka kumweleza mgeni kuwa anakwenda stendi kumpokea shangazi yake atabaki kimya, maana shangazi haokotwi.

Ngoja msimu wa korosho, Oktoba hivi, umpeleke chini ya mkorosho. Korosho iliyokomaa haichumwi. Huachwa idondoke yenyewe pamoja na bibo lake, ndipo watu wainame. Mwambie: "Pick up the nuts." Mgongo unainama, mkono unashuka, korosho inapanda hadi kwenye ndoo, na huko kupanda ndiko kunakobebwa na ile "up". Bibo ling'olewe liwekwe kando kwa ajili ya uraka wa watu wazima.

Usimwondoe hapo upesi. Mbadilishie: "Pick the nuts up." Nayo ni sawa. Sasa korosho ziwe "them", na hapa ndipo darasa zima huteleza na kusema "pick up them". Mwalimu hupitisha kalamu nyekundu bila kueleza. Jambo hili linaniuma, kwa sababu maelezo mtoto anayo mdomoni tangu alipoanza kusema. Kiswahili husemaje? Nitaziokota. Ile "zi" ya korosho imekaa wapi? Katikati ya kitenzi. "Pick them up": nazo zimekaa katikati. Nitampokea: "I'll pick her up." Nomino kamili inaruhusiwa kukaa ndani au nje; ikishageuka kiwakilishi lazima iingie ndani. Mtoto ambaye hajawahi kukosea "nitaziokota" hana sababu ya kukosea "pick them up", ila hakuna aliyemwonyesha kuwa vitu hivi ni ndugu.

Kutoka shambani, mpeleke stendi ya mabasi ya Mtwara asikilize watu wanavyoongea na simu. Mmoja anasema nakuja kukupokea, kwa kuwa mgeni ndiyo kwanza anawasili. Mwingine anasema nakuja kukufuata, kwa kuwa anatoka alipo kwenda kumchukua mwenzake. Bodaboda anasema nitakupitia, kwa kuwa hapo ni njiani kwake. Kiswahili kina vitenzi vitatu, kila kimoja na safari yake, na Kiingereza kinavipa vyote neno lilelile. Mwambie hivyo waziwazi. Mtoto anayetenganisha kupokea, kufuata na kupitia bila kufikiri ana akili ya lugha ya kutosha, na anayemwita mzito kwa sababu ya Kiingereza anamwonea.

Teremka baharini. Ukingoja kuvuka kwenda Msangamkuu miezi ya kusi, kuna saa maji yametulia, halafu upepo unashika kasi na matanga yanajaa. "The wind has picked up." Hapa hakuna mwokotaji wala kinachookotwa, upepo umejiongeza wenyewe. Akishaielewa hii, biashara ataielewa bila shida. Minada ya korosho ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikishafanyika na malipo ya wakulima yakaingia, maduka ya Newala, Tandahimba na Masasi yanachangamka. "Business has picked up." Na yule kangomba, mnunuzi anayemwahi mkulima mwenye shida kabla ya mnada kwa bei ya kumnyonya, akibebwa na polisi, naye "was picked up". Maana hiyo ipite haraka, haihitaji mazoezi.

Huko Msimbati kazi inataka uangalifu. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Maji yakipwa, akina mama huenda mwambani kuokota kombe, na kombe ni "pick up" bila ubishi. Pweza siye. Yeye hutafutwa shimoni na kutolewa kwa mkuki, na anayesema "I picked up an octopus" atafikiriwa amemkuta amelala mchangani. Matumbawe hayaokotwi kabisa: "Don't pick up the coral." Sentensi hiyo ifundishwe kwa msisitizo, kwa faida ya mtoto na ya mwamba.

Ukifika karibu na Ruvuma, toa simu mfukoni. Inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji ungali upande wa Tanzania, nayo ni "pick up". Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto, na wachuuzi wanaovuka huku na huku wamekidaka Kireno sokoni, kwa kuuliza bei na kubishana juu ya chenji. "They picked up Portuguese." Hiyo ndiyo maana ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ningetaka kila mwalimu wa Kiingereza mkoani aianzie. Lugha ya tatu imeingia vichwani mwa watu ambao hakuna aliyewapa orodha ya kukariri.

Mwisho, simama barabarani ungoje gari la kurudi mjini. Likitokea lile lenye magunia ya korosho nyuma, muulize mtoto linaitwaje. Atajibu pikapu, neno alilolitamka tangu utotoni bila kujua limetoka wapi. Sasa mpe sentensi hii aigeuze mwenyewe, bila msaada: "Pikapu itanipitia saa ngapi?" Akisema "What time will the pick-up pick me up?", na hiyo "me" akaiweka katikati, mpakie mbele na dereva.