Jasiri Anabaki Nyumbani

Jumamosi, 7 Septemba 2024
Tumemleta mbwa. Ni koko wa rangi ya andazi lililoiva upande mmoja, umri wake kama miaka miwili. Aliokotwa barabarani akiwa na mguu uliovunjika. Mguu umepona, kuchechemea kumebaki. Pale kwenye kituo cha wanyama tulikomchukua walituhoji kuliko nilivyohojiwa na wakwe. "Nani anashinda nyumbani?" Mke wangu akanitazama, mimi nikamtazama mbwa. Nikajibu kwamba nyumba yetu haikosi mtu. Si uongo. Kuanzia saa mbili usiku haikosi.

Tumemwita Jasiri. Jioni yote amekaa chini ya meza akiogopa feni.

Jumatatu, 9 Septemba
Mimi na mke wangu tunatoka Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri, binti yetu saa kumi na mbili. Kurudi ni saa moja na nusu usiku, foleni ikijaliwa. Nimesoma kwamba mbwa hulala karibu nusu ya siku, nikaona hesabu inatoka: akilala, akiamka, sisi hao mlangoni.

Tumekuta kandambili yangu ya kushoto imeliwa. Ya kulia hajaigusa.

Jumatano, 11 Septemba
Jirani amekuja. Ni mzee mstaarabu, alianza na habari za watoto na bei ya mkaa. Kisha akasema Jasiri anaitika adhana ya adhuhuri na ya alasiri kwa sauti ndefu. Ya alfajiri haitiki. Nadhani bado anakuwa na usingizi. "Mwanangu, simlaumu. Shida yake akishaanza hajui pa kuishia."

Getini kwake ameweka ndoo ya mchanga. Kwa madhehebu yao ya Shafi, mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Mchanga wenyewe kauchota kwetu, kwenye shimo alilochimba Jasiri. Hatukuwa na la kusema.

Ijumaa, 13 Septemba
Kanga ya mke wangu imebaki pindo. Maneno yote yameliwa. Yalikuwa ujumbe kwa wifi yake, yaani dada yangu, anayekuja Jumapili.

Nimempa Jasiri kichwa cha samaki bila mtu kuona.

Jumanne, 17 Septemba
Tumeambiwa mbwa mpweke hutulizwa na sauti za watu, basi tukamwachia redio. Jirani anasema leo ametulia, amebweka kwenye taarifa ya habari tu.

Alhamisi, 19 Septemba
Hakuna kilichoharibika. Tumezunguka nyumba nzima kutafuta, hakuna. Ila Jasiri hakugusa ugali na dagaa wake. Mke wangu anasema huo ni upweke, mnyama anaumwa moyo. Akamkaangia maini. Sisi tumekula mchicha.

Jumatatu, 23 Septemba
Bado hali. Nimempigia simu bwana mifugo, akauliza amekonda kiasi gani. Nikamwambia mkanda wa shingoni tumeulegeza matundu mawili. Akanyamaza. Halafu akasema yuko kwenye pikipiki, atanipigia.

Hajapiga.

Jumamosi, 28 Septemba
Leo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wameichagua tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule ambaye chanjo yake ilimwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Cheti cha Jasiri kinaisha mwezi huu, na mtaani kwetu leo wanachanja. Jumamosi natoka kazini saa saba, nikapita nyumbani kumchukua.

Kufuli iko getini, mbwa hayupo. Chini ya ukuta, kwenye tundu la maji ya mvua ambalo nimeahidi kuliziba tangu masika, kuna manyoya ya rangi ya andazi.

Nikaenda peke yangu kwenye chanjo kutoa taarifa. Jasiri alikuwa wa tatu kwenye foleni. Kafungwa kamba ya manila, kashikwa na kijana wa bodaboda, kakaa kwa adabu ambayo kwetu hajaionyesha hata siku moja. Aliponiona akageuza uso kama mume aliyekutwa na mke mkubwa akiwa na mke mdogo. Daftarini ameandikwa Bosi.

Pembeni yao alisimama mama lishe wa kituo cha bodaboda, ndoo ya vyombo mkononi. Akanieleza kwamba Bosi huripoti saa mbili asubuhi, hulala kwenye magunia ya mkaa, hupewa mfupa wa supu mchana. "Wa kuku uliopikwa simpi, unapasuka, utamtoboa utumbo." Ikifika saa kumi na mbili jioni huwatoroka, na hawajawahi kujua analala wapi.

Nikamwambia analala kwangu. Nikatoa na cheti.

Bwana mifugo akauliza aandike jina gani. Nyuma yetu kulikuwa na mbwa wengi na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyejua kafuata nini. Akaandika Bosi Jasiri, akamchoma sindano.

Mama lishe alinitazama kuanzia viatu hadi begi la kazini.

"Kumbe ndio nyinyi," akasema. "Basi sikiliza, baba. Jumapili mimi sifungui. Siku hiyo mkae naye."