Halijakataa, Linapumua

Gari la Kiingereza la zamani halisafirishi watu, linawakutanisha. Katika ukoo wetu ndugu wengi tumefahamiana tukiwa nyuma ya bampa, tunasukuma. Baba mdogo alikuwa nalo moja, na aina yake nitaisitiri kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Alipenda kupanda nalo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Likifika Soni lazima lichemshe. Anaegesha kando, anafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara bichi huku kageuza uso, mvuke unapanda, sisi watoto tunatumwa mtoni na dumu. Mpita njia anauliza, "Shikamoo mzee, limekataa?" Naye, bila hata kugeuka: "Marahaba. Halijakataa, linapumua."

Mvua ikinyesha ndiyo kasheshe. Mota ya waipa ilikufa zamani, kwa hiyo tulifunga kamba kwenye waipa, ncha moja ikaingia dirisha la dereva, nyingine dirisha langu. Yeye anavuta, mimi navuta. Lakini kwenye kona usukani unataka mikono yote miwili, na barabara ya Lushoto ni kona tupu. Basi pale hasa tulipohitaji kuona, hatukuona.

Msidhani ni letu tu lililolaaniwa. Mini, iliyotoka mwaka 1959 ikapendwa dunia nzima, distribyuta yake ilikaa mbele kabisa, nyuma ya grili, ikiipokea mvua kama mgeni rasmi. Zile za mwanzo ziliingiza maji mpaka sakafuni, dereva akashuka soksi zimelowa. Na hii imebuniwa Uingereza, nchi ambayo mvua si habari! Vifaa vya umeme vya Lucas navyo, wenye magari huko huko walimbandika mtengenezaji wake jina la Mkuu wa Giza.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba Mjapani alisomea kwa hao hao. Mwaka 1952 Nissan walitiliana mkataba na Austin wa kuunda magari ya Austin kule Japani. Mwanafunzi akanakili somo lote, akaruka ukurasa wa kuvuja oili. Mwaka 1970 Datsun yao ikashinda Safari Rally, kwenye tope letu hili hili. Tena Mwingereza ndiye aliyetuachia kuendesha kushoto, na Japani nao huendesha kushoto. Leo magari yao yaliyotumika yanashuka Dar es Salaam na Mombasa, usukani uko tayari mahali pake. Mmoja alilima, mwingine akavuna.

Mimi sasa naendesha la Kijapani. Nawasha, linawaka, basi. Hakuna cha kusimulia. Nimepanda nalo Lushoto, Soni sikusimama, hakuna aliyenisalimu, nikafika mapema mno hata wenyeji hawajabandika chungu. Usumbufu wake ni mmoja tu: kila nikiliwasha linanisemesha Kijapani, na mpaka leo sijui kama ni salamu au onyo.

Ukiniuliza ununue lipi, nunua la Kijapani. La Kiingereza liazime siku ya harusi, maana kwenye picha halina mpinzani. Ila kamati isisahau vijana wa kusukuma, na bibi harusi abebe kandambili.