Hotuba ya Bingwa wa Kona

Waheshimiwa madereva mliosomea leseni, na nyinyi mliozinunua, hamjambo. Mnaye mbele yenu bingwa wa uthabiti wa magari ukanda huu wote. Shahada sina, kwa sababu bado sijakiona chuo chenye mtu wa kunisahihishia mtihani.

Leo nakifichua kidudu kinachojiita mfumo wa kielektroniki wa uthabiti. Taa yake mnaijua: kigari chenye mikia miwili iliyopindana kama nyoka waliolewa. Sensa ya usukani inachungulia dereva anataka kwenda wapi. Nyingine inapima gari linavyozunguka, na kila tairi lina mpelelezi wa mwendo wake. Kompyuta inalinganisha taarifa hizo mara 25 kwa sekunde moja! Hata mama mkwe wangu hanichunguzi hivyo.

Gari likikataa kukata kona likaelekea mtaroni, mfumo unalibana tairi la nyuma la upande wa ndani. Mkia ukitaka kuutangulia uso, unalibana la mbele la upande wa nje, na nguvu za injini unazipunguza bila kuomba ruhusa. Huo ni upendeleo, mabwana. Mguu wangu ni wa haki: nikikanyaga breki, matairi yote manne yanaipata.

Mnauliza, upuuzi huu ulianzia wapi? Ujerumani, mwaka 1995. Mercedes-Benz na Bosch waliuweka kwenye magari ya S-Class, ya watu wenye fedha na woga. Ungeishia huko, tungekuwa salama. Lakini Oktoba 1997, mwandishi wa gazeti moja la magari la Sweden, Robert Collin, akakiendesha kigari kipya cha A-Class kwa kukipindisha ghafla kushoto na kulia, kana kwamba anamkwepa elki, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi. Kigari kikapinduka. Na elki mwenyewe hakuwepo! Walipanga koni barabarani. Basi Wajerumani, badala ya kumshitaki mnyama asiyekuwepo, wakaufunga mfumo huo kwenye kila A-Class. Marekani nayo ikaulazimisha kwa magari madogo yote mapya ya toleo la 2012, na Ulaya ikafunga hesabu Novemba 2014. Katika mabara yote mawili, hakuna aliyenipigia simu.

Mimi gari langu lilishuka melini kutoka Japani taa hiyo ikiwaka. Fundi mmoja akanidai fedha za sensa. Fundi wangu, msomi, akabandika kipande cha tepu nyeusi juu ya taa. Ikapona siku hiyohiyo.

Matairi yangu ni vipara, naam, kwa makusudi. Tairi lenye mifereji linagusa lami nusunusu. Langu linagusa yote. Mvua ilinikuta nalo mlima Kitonga, na ghafla nikajikuta natazama Mikumi wakati nilikuwa naelekea Iringa. Wenye wivu wanasema niliserereka. Nilibadili safari! Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi ndefu sana ya pongezi.

Sasa sikilizeni siri ambayo watengenezaji wenyewe wanaikiri: mfumo huu hauwezi kuongeza mshiko ambao tairi halina. Mwendo ukizidi kona, unaondoka na wewe pamoja na kompyuta yako. Mmesikia? Kama mfumo hauna msaada tairi likiwa kipara, mtu mwenye akili anunue tairi jipya la nini?

Napokea maswali matatu. Kijana wa bima, shusha mkono, wewe umeshaniandikia barua mbili. Mama wa nyuma? Hapana mama, nauli yako ya siku ile sirudishi. Ulilipa kufika Iringa, nami nikakuonyesha bonde lote bila malipo ya ziada.